Mara Ngapi Kichwa Chini

Isevya, Tabora
Jumamosi, 12 Juni 1954

Mpendwa Flavia,

Natumaini huko Choma mko salama na watoto wako wa darasa la pili wameacha kula chaki. Mimi ni mzima, ila nimetoka kwa babu yako sasa hivi na naandika kwa haraka, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Nilikwenda saa nne asubuhi, nimevaa shati jeupe, nimechukua na tumbaku kama ulivyoniagiza. Shangazi yako Josepha alinipokea vizuri. Mzee Mahona alikuwa ameketi kwenye kile kiti chake cha ngozi ya ng'ombe. Nikamwambia, "Shikamoo, babu." Hakuitikia marahaba. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema, "Kumbe mwizi anayemtaka mke wangu ndiye huyu. Mbona mwembamba hivi? Nilitegemea mwizi mwenye mwili."

Flavia, hukuniambia kwamba mzee ana chuki nami. Nilipiga magoti palepale nikamwomba radhi. Nikamweleza kwamba mimi si mwizi, nimelelewa na mapadri misheni, tangu utoto sijachukua hata yai la mtu, na kwamba nakutaka kwa ndoa ya kanisani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kukunja uso. Shangazi Josepha alifunika mdomo kwa kanga akakimbilia jikoni, nadhani kwa huruma.

Mwishowe mzee akasema, "Katika nyumba hii hakuna mwanamume aliyepewa mke kabla hajafika Bagamoyo na mzigo kichwani. Baba yangu alifika. Mimi nilifika." Nikamjibu kwamba nikipata likizo ya kutosha nitakwenda pwani kwa treni. Akasema kwa treni hata mbuzi anafika. Akavuta tumbaku, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba uwanjani karibu na stesheni kuna Mgoa aliyeleta gari la kupindua watu. Nikasema ni kweli, vyuma vimeshushwa juzi kwenye mabehewa matatu. Akasema, "Hilo mbuzi haliwezi. Basi pinduka mara tatu, mimi nikihesabu. Ukitimiza tatu, mchukue. Ikipungua, nitasema neno langu mbele ya watu."

Nimekubali, nikampa mkono. Na sikiliza jinsi Mungu anavyopanga: yule Mgoa anatafuta mafundi wa kumuungia reli zake, nami nina likizo ya majuma matatu kuanzia Jumatatu. Nitaliunga gari hilo kwa mikono yangu mwenyewe. Ubao wao wa bati umeandikwa kwa rangi nyekundu MARA TATU KICHWA CHINI. Tatu, Flavia, idadi ileile. Nimeusoma mara nyingi leo kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote.

Wako,
Kasimiri


Choma
Alhamisi, 17 Juni 1954

Kwako Kasimiri, mwizi mwembamba,

Barua yako nimeisoma nimesimama kando ya lori la Saidi, dereva aliyeileta pamoja na magunia matupu ya pamba. Nimecheka mpaka Saidi akashuka kuuliza nani kajifungua. Kisha nikaketi kwenye magunia nikataka kulia.

Kasimiri, ule ulikuwa utani. Babu na mjukuu ni watani, na mimi ni mke wake tangu siku niliyozaliwa. Anayekuja kuniposa lazima aitwe mwizi, angeitwa nini kingine? Shemeji yangu, mume wa dada Eustadia, alipoitwa mwizi alijibu kwamba amekuja kumwokoa msichana kwenye mdomo wa fisi asiye na meno. Babu alicheka mpaka akakohoa, akampa kiti, na siku hiyohiyo wakaanza kuzungumza habari za mahari. Wewe ukapiga magoti. Amekurushia neno ulidake, ukaliacha lianguke chini, ndiyo maana akakunja uso. Na shangazi hakukimbilia jikoni kwa huruma. Namjua shangazi yangu.

Kosa ni langu. Nilisahau kwamba wewe hukuwa na babu. Misheni nani angekutania, padri?

Ila sasa umempa mkono, na hapo ndipo pabaya. Utani ukishapeanwa mkono unageuka ahadi. Na babu akisema hapana mbele ya watu harudi nyuma, hata umletee ng'ombe kumi na askofu juu yake. Karani wa pamba alimkataa kwa sababu anacheka peke yake. Mwalimu Sylvester alimkataa kwa sababu anakula haraka. Wote wawili walirudi na wazee wao, wakakuta mlango uleule umefungwa. Baba yangu hayupo, idhini ni ya babu, na bila neno lake wajomba hawapokei chochote. Mimi nina miaka ishirini na minne na ninakutaka wewe. Nimeliandika kwa wino, hata Saidi akilisoma njiani na alisome.

Kwa hiyo nenda kesho, usiende na tumbaku. Mwambie ni fisi mzee asiye na meno. Mwambie ameweka binti wa watu mpaka aote ukungu. Sema huku unamwangalia usoni, na tafadhali usiseme kwa sauti ya kuungama. Akikucheka, umepona, na habari ya kupinduka itaisha hapo. Hilo gari usilipande.

Flavia


Isevya, Tabora
Jumapili, 20 Juni 1954

Mpendwa Flavia,

Nimepinduka.

Barua yako bado haijanifikia, lakini siwezi kungoja. Gari limekwisha kuungwa tangu Ijumaa na watu wote hapa wanaliita Joka. Kuna reli juu ya nguzo, inapanda mpaka usawa wa tangi la maji la stesheni, kisha inashuka na kujikunja kitanzi kikubwa, inatoka hapo inajikunja kitanzi kidogo, halafu inaingia kona ya mwisho ambayo wenyewe wanaiita Mlalo. Kila skrubu ya kitanzi kikubwa nimeikaza mimi. Kwanza tulipeleka mifuko ya mchanga, ikarudi yote salama. Kisha Mgoa akauliza ni nani atakayepanda. Mafundi wenzangu wakaanza kutazama viatu vyao. Mimi nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Walinifunga mkanda, wakanishushia chuma mapajani. Mnyororo ukanivuta juu polepole, taka, taka, taka. Nikaona mabati ya Isevya yote, nikaona kanisa, nikaona ile njia ya zamani ya misafara inavyokwenda kuelekea Kwihara. Mnyororo ukaachia. Flavia, sijui nilipiga kelele gani, lakini wenzangu wanasema nilikuwa naita jina lako na jina la mtakatifu Yosefu kwa zamu. Ghafla ardhi ikawa juu ya kichwa changu na watu wamening'inia kwayo kama popo, wananitazama. Mbingu ilikuwa miguuni. Na ajabu kupita zote ni kwamba sikuhisi kuanguka. Kofia yangu haikutoka. Kuna kitu kilinikandamiza kitini, nikawa mzito kuliko nilivyo nikisimama chini. Nimefanya kazi ya vyuma miaka saba, sikujua kwamba mwendo peke yake unaweza kumshika mtu hivyo.

Nilishuka, nikapanda tena. Nimepanda mara nne. Ninaandika haya na bado nacheka peke yangu, kama yule karani wenu.

Sasa kuna jambo. Unajua siwezi kuona kitu kimeungwa bila kukipima. Jana jioni nilipanda na timazi yangu, ile kamba yenye risasi nchani, nikapima sehemu zote tatu gari likiwa limesimama. Kwenye vitanzi hakuna ubishi, kichwa kiko chini na miguu iko juu. Lakini kwenye Mlalo reli inalala ubavu, inapitiliza ubavu kidogo tu, kama upana wa kiganja, kisha inanyooka. Bega liko chini, sikio liko chini, lakini kichwa kiko sawa na kiuno. Hapo gari linapita taratibu sana, unaona hata sura za watu waliosimama chini. Kwangu mimi huko si kuwa kichwa chini, ni kulala. Nilimweleza Mgoa, akaniambia kila mahali alikopita wanaihesabu, na kwamba bati limeshapakwa rangi.

Kwa hiyo ni mbili, Flavia. Babu yako alisema tatu. Angeweza kusomewa bati na kuridhika, kwa kuwa nimesikia anakuja uwanjani kila siku. Lakini nimempa mkono. Nadhani inabidi nimwambie.

Wako,
Kasimiri


Choma
Alhamisi, 24 Juni 1954

Kasimiri,

Ni nani aliyekutuma kupima?

Bati limesema tatu. Mwenye gari amesema tatu. Mji mzima wa Tabora unasema tatu. Ni wewe mmoja tu, ambaye ndiye unayetaka mke, uliyepanda juu na timazi kujipunguzia. Nimeisoma sehemu ile mara mbili kwa hasira, nikaikunja barua, nikaenda darasani.

Huko nako nimekuta balaa. Juzi niliwasimulia watoto habari za Joka, na tangu hapo hawatembei kwa miguu. Kila mapumziko wanasimama kwa mikono. Leo wamekuja kwangu wanagombana, wanataka niamue. Mmoja alisimama kwa mikono akiwa ameegemeza miguu ukutani. Bernadeta, yule mdogo mwenye pengo, anasema ukiegemea ukuta hujasimama kichwa chini, umelala wima. Wenzake wanasema ni yaleyale. Wote wakanitazama, nami nikamwambia Bernadeta kwamba yeye ndiye mwenye haki. Nilipokwisha kusema ndipo nikajikuta nimekuhukumia wewe ushindi, na hasira yangu imekosa pa kukaa.

Basi mwambie babu ukweli wako. Ningekuwa na mume anayejua kwamba ni mbili na kusema tatu, ningemtilia shaka hata akiniambia chakula ni kitamu. Ila kwanza mtukane. Bila hilo hatakusikiliza. Barua yangu ya wiki iliyopita bila shaka umeshaipata, yajifunze yale maneno.

Nakuonea wivu kwa kuiona ardhi ikiwa juu. Ninaogopa pia, sana. Vyote viwili kwa pamoja.

Flavia


Isevya
Jumatatu, 28 Juni 1954

Kwa mke wangu mdogo Flavia,

Anayeandika ni Josepha, maneno ni yangu.

Mwizi wako amekuja. Alisimama mbele yangu mikono nyuma kama mtoto wa katekisimu, akaniambia mimi ni fisi mzee asiye na meno. Kisha akasema, "Samahani, babu." Nikajua maneno hayo ni ya nani. Wewe mke, unamfundisha mwizi jinsi ya kuvunja nyumba yako mwenyewe?

Halafu akaniambia kwamba si mara tatu, ni mbili, amepima na kamba yenye risasi. Nimekaa duniani miaka mingi, sijaona mtu anayekwenda mnadani akaanza kuuza kasoro za ng'ombe wake. Je, alikuambia kwamba mara ya kwanza aliposhuka alitapika nyuma ya tangi la maji? Hakukuambia. Mimi nilikuwepo. Alijipangusa akarudi kwenye foleni.

Nimemwambia kwamba mimi sihesabu kwa kamba. Msafarani, mtu akisema ameanguka mtoni, kirangozi, yule anayeongoza njia, hatazami magoti yake, anatazama mzigo. Mzigo mkavu, hukuanguka. Kwa hiyo Jumapili atapanda na bakuli la mtama, limejaa, halina kifuniko. Kila mahali mtama utakapomwagika nitahesabu moja. Nikipata tatu, haya. Nisipopata, nitasema neno langu, nawe unalijua neno langu. Isevya nzima watakuja. Josepha ameanza kupika tangu sasa, utadhani ni harusi.

Anakula polepole. Hilo nimeliona.

Mahona


Isevya, Tabora
Jumatatu, 5 Julai 1954

Mpendwa Flavia,

Nimeharibu. Nitakueleza kwa mpangilio, ili uone mwenyewe mahali nilipovunja.

Jana baada ya misa watu walijaa uwanjani mpaka kwenye reli ya treni. Waislamu wa mjini walikuwepo, Wamoravia walikuwepo, hata wachuuzi walifunga meza zao. Babu yako aliwekewa kiti chini ya Mlalo kwa sababu pale anaona kote. Shangazi Josepha akanipa bakuli la mtama limejaa mpaka ukingoni. Nilikuwa nimefurahi, siwezi kukuficha. Nilijiambia, mtu akiwa kichwa chini bakuli haliwezi kubaki na kitu, kwa hiyo vitanzi viwili ni mbili, na Mlalo huenda ukadondosha kidogo, basi tatu kwa kipimo chake mwenyewe. Mimi fundi, niliyehisi kwa mwili wangu jinsi kile kitu kinavyokandamiza, sikufikiri kwamba kitakandamiza na mtama.

Tulipanda. Tukashuka. Kitanzi kikubwa kikatubeba, nikawa kichwa chini kabisa, nikatazama bakuli. Hakuna hata punje moja iliyotoka. Mtama ulikuwa umetulia kama uko sokoni. Kitanzi kidogo, vilevile. Nikasikia watu wote wanaguna. Kisha tukaingia Mlalo taratibu, bakuli likalala ubavu, na mtama wote ukamwagika juu ya kofia ya babu yako.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee alijipangusa, akachukua punje moja begani akaitafuna. Akainua kidole. "Moja," akasema. Nikashuka mbio. Nikamwambia, babu, pale pa mtama ndipo ambapo sikupinduka, na pale nilipopinduka ndipo mtama uliposhikwa na mwendo. Akasema, "Mzigo usipomwagika, mpagazi hajaanguka." Nikamweleza habari ya timazi. Akasema timazi haibebi mzigo. Watu wakawa wanashangilia kila mmoja wetu akisema. Akasimama, akainua fimbo. Nikajua sasa anataka kusema neno lake.

Flavia, hasira ilinipanda. Yale maneno yako ya fisi yalikuwa yamenikauka. Haya hayakuwa yako. Nilimwambia, "Kwa hesabu hiyo, mzee, hata wewe Bagamoyo hukufika. Uliishia Ugogo ukala mtama wa watu, wenzio waliporudi ukajiunga nao nyuma ukaja kutudanganya."

Watu walilipuka. Wengine walinipiga mgongoni. Shangazi Josepha alipiga vigelegele. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza nikaelewa ulichokuwa unajaribu kunifundisha, utamu wake. Nilimgeukia babu nikitaka kuona anavyocheka.

Hakucheka. Fimbo ilishuka. Alinitazama kama mtu aliyeitwa na mtu asiyemwona, kisha akapita katikati ya watu akaenda nyumbani peke yake. Neno lake hakulisema. Leo nimekwenda mara mbili, Josepha ameniambia mlangoni kwamba amelala na hataki uji.

Sijui nimemkosea wapi. Labda utani una mpaka ambao wenye babu wanaujua. Joka linafunguliwa vipande vipande Jumatano, linaondoka na treni ya Kigoma. Mimi nimebaki na bakuli la shangazi yako, nimeshindwa hata kulirudisha. Nisamehe. Niliingia kwenu nikiwa sina mtu, na nilikuwa nimeanza kuzoea kuitwa mwizi.

Kasimiri


Choma
Alhamisi, 8 Julai 1954

Babu, shikamoo.

Nimepata barua ya Kasimiri. Ananiambia umelala na huli. Kama ni ugonjwa, niambie nije leo kwa lori lolote. Kama ni hasira, nisikilize mimi mke wako, maana hakuna aliyeniuliza hata mara moja katika hesabu hizi zenu.

Alichosema ni utani. Wewe ndiye uliyeuanza. Ulimwita mwizi mtu ambaye hajaiba yai, na aliposhindwa kujibu ulimdharau, na alipojibu umeingia ndani ukafunga mlango. Sasa anadhani amekuua. Huyu ni mtu aliyekwenda mbele yako kukuambia kwamba ni mbili, ilhali bati zima lilikuwa likimsaidia aseme tatu. Umewahi kumwona mwingine? Karani angesema tano.

Nampenda, babu. Ukisema hapana nitatii, kwa sababu baba aliniacha mikononi mwako. Lakini sitaolewa na mwingine. Nitarudi Isevya nikae nawe mpaka meno yangu nayo yaishe, na kila siku utanitazama usoni.

Kula uji.

Mjukuu wako,
Flavia


Isevya
Jumapili, 11 Julai 1954

Mwangaluka, mke wangu.

Josepha ana mwandiko mzuri, lakini haya nimetaka ayaandike mwizi mwenyewe, neno kwa neno, na nimemwonya asirekebishe. Nimekula uji.

Nilikuwa kijana, ndevu hazijaota. Mjerumani ameshaingia, reli bado. Msafara wetu ulibeba pembe na nta. Kabla hatujafika Mpwapwa funza walikuwa wamenila vidole vya mguu mpaka nikawa natembelea kisigino. Kirangozi akaniacha Ugogo kwa mama mmoja mwenye shamba. Mzigo wangu wakagawana wenzangu. Nilikaa pale miezi mitano nikimfukuzia ndege kwenye mtama, na nililia, liandike hilo. Wenzangu walipokuwa wanarudi kutoka pwani walinipitia. Wakanivika shuka jipya, na njiani tukakubaliana kwamba nilifika.

Hapa mwandishi amesimamisha kalamu ananitazama. Nimemwambia aendelee.

Tulipoingia nyumbani watu walijaa. Baba yangu alikuwa amekwenda Bagamoyo mara saba. Akaniuliza mbele yao wote, "Maji ya bahari yana ladha gani?" Wenzangu walikuwa wamenifunza kila kitu, majumba, Wahindi, minazi. Hilo hawakunifunza. Nikasema ni matamu, nilikunywa nikashiba.

Wenzangu wakatazama chini. Baba alinitazama muda mrefu. Kisha akawageukia watu akasema, "Amefika. Mtafutieni mke." Ndivyo nilivyompata bibi yako. Baba hakunitania kwa safari ile hata siku moja mpaka anakufa, naye alikuwa mtu wa kutania kila mtu. Mimi nikaendelea kuwauliza wachumba wa watu wamefika wapi.

Jumapili ile nilidhani mtu amemwambia. Jana nikamwita, nikamuuliza ni nani. Akasema hakuna, limemtoka tu kwa hasira. Nilicheka, Flavia. Nilicheka mpaka Josepha akaja na maji. Miaka zaidi ya hamsini nimeliogopa neno hilo, na lilipokuja limekuja kwa mdomo wa mtu asiyejua hata kutukana vizuri.

Basi niko tayari kutoa hesabu yangu. Nimemwambia aandike tatu. Haandiki. Anasema ni mbili, amepima. Nimemwambia mimi ndiye mhesabu, nimesema amepinduka mara tatu, amefika, yamekwisha. Anasema, "Babu, ni mbili."

Mwambie Saidi akupakie kwenye lori la kwanza, uje umchukue mumeo. Mimi nimeshindwa naye.

Mumeo wa zamani,
Mahona